Sababu ya Kurudi

Watu walimwita Mama Fomu, naye hakukasirika, maana alikuwa amejaza fomu nyingi kuliko milo aliyowahi kula ameketi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na upana wa mlango na nusu, kwenye jengo linalotazamana na Ofisi ya Viza, na ndani yake aliweza kugusa kila kitu bila kuinuka: kompyuta, printa, mashine ya nakala iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, stepla, na shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya picha. Mbele ya shuka palikuwa na stuli. Kila aliyekaa pale aliambiwa maneno yale yale.

"Toa miwani. Masikio yaonekane. Usicheke, hawataki mtu anayecheka."

Shule aliishia darasa la saba. Lakini ile fomu ya kurasa kumi na mbili aliijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake. Alichukua pasipoti ya mteja kwa vidole viwili, akaifungua kuanzia nyuma, na kabla mwenyewe hajamaliza salamu, hukumu ilikuwa imeshatoka.

"Hii inaisha mwezi wa tisa. Kabadilishe."

"Lakini mimi narudi mwezi wa tano, Mama Fomu."

"Wanataka miezi sita mbele, tena wanahesabu kuanzia siku unayotoka kwao. Na wanataka kurasa mbili tupu. Huu ukurasa uliomwachia mtoto akachora ng'ombe siyo mtupu."

Aliwaambia wasinunue tiketi kabla ya viza, waonyeshe tu kwamba wameshikiwa nafasi ya kwenda na kurudi. Aliwaambia taarifa ya benki iwe ya miezi sita, inayopumua taratibu, siyo iliyojazwa juzi kama puto. Bima ya safari ianze siku ya kuondoka. Barua ya mwaliko iwe na saini ya mwenyeji na nakala ya kitambulisho chake cha kule. Yote hayo watu waliyapata, kwa kukopa, kwa kubembeleza, kwa kuuza kitanda. Kilichowaua kilikuwa swali la kumi na saba.

Swali la kumi na saba lilisema: eleza mambo yatakayokulazimu kurudi nchini kwako ziara itakapokwisha. Chini yake iliachwa mistari sita. Watu wazima waliojieleza barabara kwenye kurasa kumi zilizotangulia, wakifika hapo walimtazama Mama Fomu kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani. Wana nini cha kuwarudisha? Chumba cha kupanga? Kazi ya kibarua? Mmoja aliandika, "Nitarudi kwa sababu nimezoea hapa." Akanyimwa kabla ya saa sita mchana.

Ndipo ilipozaliwa ile sentensi.

Mama mzazi wa Mama Fomu alikuwa amepooza. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamvuta na mdomo, lakini ulimi kikauogopa. Waliishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na kila siku Mama Fomu alimgeuza mara nne: alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa saba, anafunga chumba anakimbia nyumbani, jioni, na wakati wa kulala. Kumgeuza kulikuwa na ufundi wake. Unaingiza mkono mmoja chini ya bega, goti lako unaliweka kitandani, unamwambia, "Haya, tunakwenda," halafu unavuta taratibu ili ile nyonga mbovu isishtuke. Ukikosea alilia, na alipolia hakulia kimya, alikutukania na ukoo.

Siku moja akaja mshonaji, mjane, anataka kwenda kumwona dada yake. Hana nyumba, hana mume, hana shamba. Amekwama kwenye swali la kumi na saba na machozi yanamlenga. Mama Fomu alikuwa ametoka kumgeuza mama yake, mikono bado inanuka dawa ya kuchua, na kwa huruma, au kwa uchovu, vidole vikaandika vyenyewe:

"Nina mama mzazi aliyepooza upande wa kulia. Ninamgeuza kitandani mara nne kwa siku, na hakuna mwingine nyumbani kwetu anayejua namna ya kumshika asilie."

Mshonaji akasoma, akafuta pua. "Mama yangu alishakufa, Mama Fomu."

"Kwenye karatasi anaishi. Weka saini."

Alipewa viza. Na mshonaji hakuwa mtu wa kukaa na siri. Baada ya wiki mbili wakaanza kuja waliotumwa. Hawakuuliza bei, waliuliza kama bado anaandika ile barua ya mama. Akaandika. Akamwandikia kinyozi, akamwandikia mwalimu mstaafu, akamwandikia kijana wa duka la vioo ambaye mama yake alikuwa mzima na alikuja naye, akasimama pale mlangoni kwa miguu yake miwili akisikiliza anavyopooza. Siku nyingine Mama Fomu alihamisha kiharusi upande wa kushoto ili barua zisifanane mno. Lakini ile ya kushoto haikupendwa. Watu ni wa ajabu, walitaka ile iliyofanya kazi.

Hakuona ubaya. Hakuiba cha mtu. Mama alikuwa wake, na kupooza alikuwa amepooza kweli.

Hata bibi mwenyewe, yule mama aliyepooza, alijua, na jioni aliulizia safari zake.

"Leo nimekwenda na nani?"

"Na kinyozi, mama."

"Kinyozi. Siku moja nipeleke na daktari, nami niheshimike."

Mara moja tu alivuka mpaka. Fundi mmoja wa kuchomelea milango, mtu mzima mwenye alama za moto mikononi, alikuja baada ya kunyimwa mara mbili. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu, magoti mawili, mbele ya foleni. Mama Fomu hakuweza kuvumilia mwanamume wa umri ule sakafuni. Akatoa kadi ya hospitali ya mama yake kwenye mkoba, akaziba jina kwa kikaratasi chembamba, akaandika juu yake jina la mama wa fundi, akaipitisha kwenye mashine. Nakala ikatoka safi. Fundi akaondoka na hakurudi. Si kwamba hakurudi kushukuru, hakurudi nchini.

Aliyemwambia hivyo ni mlinzi wa lango la Ofisi ya Viza, mwanamume mwenye tumbo na masikio marefu, aliyenunua sigara kwenye kibanda cha jirani.

"Mama Fomu, watu wako hawarudi."

"Mimi nauza karatasi, bwana mlinzi. Sibebi watu mgongoni."

"Nakwambia nilichosikia. Wanasema wenye mama wagonjwa ndio wa kwanza kupotea."

Akacheka, naye akacheka, wakaachana.

Binti yake Mama Fomu, mmoja tu aliyemzaa, alikuwa kule walikokwenda wateja wake, kwa miaka sita. Baba yake binti huyo aliondoka yeye akiwa darasa la tatu, bila fomu wala viza, na hakuna aliyemwomba arudi. Binti alisoma, akapata nafasi ya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaenda. Alikuwa akiwaogesha, anawalisha, anawageuza kwa ule ufundi aliojifunza kwa bibi yake. Kurudi hata kwa wiki moja hakuweza, kwa kuwa makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa yakishughulikiwa, na akitoka mlango unafungwa nyuma yake. Alipiga simu kila Jumapili. Hakuwahi kuomba kitu. Tangu utoto alikuwa wa hivyo, anaanguka anainuka, anapangusa magoti, anaendelea.

Kwa hiyo alipopiga Jumatano, mchana, Mama Fomu aliacha mteja kwenye stuli akatoka nje.

"Mama, wamekuta uvimbe shingoni. Uko karibu na mshipa."

"Uvimbe wa nini?"

"Watajua wakiutoa. Wananipasua tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Wamesema niwe na mtu wa kukaa naye wiki tatu. Sitaweza kugeuza shingo wala kuinua kitu. Mimi hapa nina wenzangu wa kazini tu, nao wana zamu zao. Mama, njoo."

Neno hilo, njoo, lilimkaa Mama Fomu kifuani siku ile nzima. Aliporudi ndani mteja bado alikuwa amekaa mbele ya shuka, masikio nje, hajacheka.

Usiku huo hakukesha kwa hofu, alikesha kwa mipango. Wengine wangehangaika, yeye angehangaikia nini? Fomu ni yake. Pasipoti aliitengeneza mwaka uliopita, ina kurasa zote nyeupe kama meno ya mtoto. Mwaliko binti aliutuma pamoja na barua ya hospitali ya kule, yenye tarehe ya upasuaji. Benki alikuwa na akiba ya miaka mingi, inayopumua taratibu hasa. Bima akakata. Nafasi ya ndege akashikiwa, kwenda tarehe kumi na nane, kurudi baada ya siku ishirini na tano.

Lililobaki ni la kumgeuza bibi. Akamwita mke wa kaka yake.

"Wifi, nakuomba wiki tatu na siku chache."

Wifi alikuwa mtu wa kucha ndefu na roho isiyo mbaya, ila ulitakiwa uifuate mbali. "Wifi yangu, mama yako ana kilo na ana mdomo. Nianze kuogopa kipi?"

"Kilo nitakufundisha. Mdomo umezoea."

Wakamfundisha siku nne. Siku ya kwanza bibi alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ya pili alimwambia wifi mikono yake inafaa kukanda unga tu. Siku ya nne aligeuzwa, akatulia, akatazama dari.

"Amejifunza," akasema. "Nenda kamtazame mjukuu wangu. Mimi nimekwenda mara nyingi, sasa zamu yako."

Wifi akakata kucha zote kumi kwa mkasi wa jikoni, na hilo Mama Fomu hakulisahau.

Akafika swali la kumi na saba. Mistari sita. Alikaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe, mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumdanganyia. Nyumba ile ilikuwa ya kaka. Mume hana. Chumba cha kazi amepanga. Mtoto yuko kule anakokwenda. Aliwaza, akajipima juu chini, na kila alipojigusa alikuta jambo moja tu la kweli linalomrudisha. Wala halikuhitaji kubuniwa. Akaandika kwamba ana mama mzazi aliyepooza upande wa kulia, anamgeuza kitandani mara nne kwa siku, na hakuna mwingine nyumbani kwao anayejua namna ya kumshika asilie. Akaambatisha kadi ya hospitali, ile halisi, na moyo ukamtulia. Wengine walibeba maneno. Yeye alibeba maneno na ushahidi.

Siku ya miadi alivaa gauni la kijivu na viatu vya kubana. Mlinzi alimpokea simu yake akaiweka kwenye kisanduku.

"Leo umekuja kumtafuta mteja gani?"

"Mwenyewe."

"Haya. Usicheke kwenye picha."

Ndani alikuwa hajawahi kuingia. Miaka kumi na mbili ameliangalia jengo lile kwa nje, kumbe ndani ni ukumbi wa viti vya chuma na madirisha matano ya vioo. Akapewa namba. Ilipoitwa akasogea dirisha la tatu. Upande wa pili alikaa msichana wa hapa hapa, umri wa binti yake, nywele amezibana nyuma, kadi ya kazi shingoni.

"Shikamoo, mama. Weka vidole vinne hapo kwenye kioo."

Mashine ikagoma. Akaweka tena. Ikagoma.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Karatasi. Nakala, fomu."

"Ndiyo maana. Vimelainika. Bonyeza kwa nguvu."

Akabonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Mara ya tano mashine ikamkubali. Akajiona ameshinda nusu ya vita.

Msichana akafungua faili, akapitia karatasi moja moja. Pasipoti sawa. Mwaliko sawa. Alisoma barua ya hospitali ya kule, akainua macho, na macho yake yalikuwa na utu. "Pole kwa kuuguza, mama." Kisha akafika ukurasa wa swali la kumi na saba, na utu ukaondoka kama mtu aliyeitwa nje.

"Umeandika hakuna mwingine anayejua kumshika mama yako. Wiki hizo utakazokuwa kule nani atamshika?"

"Wifi yangu. Nimemfundisha."

"Kwa hiyo yupo mwingine anayejua."

"Anajua kwa wiki tatu."

"Mama, kama yupo, basi hiyo siyo sababu ya kukurudisha. Na kama hayupo, unamwachaje mgonjwa?"

Katika miaka yote ile Mama Fomu hakuwahi kulifikiria swali hilo, kwa kuwa wateja wake hawakuwa na mgonjwa wa kumwacha.

"Ninamwacha kwa sababu mwanangu anapasuliwa shingo," akasema. "Nitarudi kwa sababu yeye ni mama yangu. Ni watu wawili, mimi ni mmoja. Nifanye nini?"

Msichana alivuta jalada jeusi lililokuwa pembeni, akalifungua kwenye karatasi iliyopigwa mistari ya njano, akasoma kwa sauti ya chini, bila kejeli, na hilo ndilo lililouma. "Nina mama mzazi aliyepooza upande wa kulia. Ninamgeuza kitandani mara nne kwa siku." Akainua uso. "Tunayo ya watu thelathini na nane. Kumi na tisa kati yao hawajarudi. Wengine waliandika kushoto."

"Hiyo sentensi ni yangu."

"Kila mtu anasema ni yake, mama."

"Mimi ndiye niliye—" Akajikata. Aseme nini? Kwamba ndiye aliyewatungia wote? Kwamba ile ofisi ndogo ng'ambo ya barabara, inayoonekana kutoka dirisha la ngazi, ndiko wanakotengenezwa mama waliopooza? Akimeza, yeye ni mwongo wa thelathini na tisa. Akitema, yeye ni mama wa waongo wote. Akachagua karatasi, kama alivyozoea. Akasukuma kadi ya hospitali kwenye tundu la chini ya kioo.

"Hii ni kadi yake halisi. Ina mhuri. Pigieni simu hospitali."

Msichana akaichukua, akapiga namba ya kadi kwenye kompyuta yake. Akasubiri. Halafu akasoma kilichotokea, akakisoma tena, mpaka mtu wa dirisha la nne akamaliza shughuli zake na kuondoka.

"Namba ya kadi hii," akasema polepole, "ipo kwenye faili la mtu mwingine. Mwanamume. Jina la mgonjwa ni jingine."

Mama Fomu akaona kikaratasi chembamba, akaona magoti mawili sakafuni.

Msichana akasogeza kiti karibu na kioo. Sauti ikawa ya mtoto anayezungumza na mzazi jikoni. "Nikiandika hili la kadi, mama, unafungiwa miaka kumi. Sitaliandika. Nitaandika ile sababu ya kawaida, kwamba hatujaridhika utarudi. Unaweza kuomba tena, hali yako ikibadilika."

"Mwanangu, ni kweli. Mama yangu yupo. Njoo umwone, ni mwendo wa dakika ishirini."

"Pole, mama," akasema yule msichana, na akabonyeza kitufe cha kuita namba nyingine.

Nje mlinzi alimrudishia simu. "Vipi?"

"Wameninyima."

Mlinzi akacheka akidhani ni utani wake wa kila siku. Alipoona hacheki, akaangalia viatu.

Nyumbani saa saba ilikuwa imepita. Alivua viatu vya kubana, akaweka goti kitandani, akaingiza mkono chini ya bega, akasema, "Haya, tunakwenda." Alipokwisha kumgeuza akamweleza mama yake yote, pamoja na la kadi. La kadi bibi alikuwa halijui.

Bibi aliuliza akiitazama dari.

"Wamesema uombe tena lini?"

"Hali yangu ikibadilika."

"Hali ipi?"

Mama Fomu akavuta shuka, akamfunika miguu.

"Wanangoja nife," bibi akasema. "Basi nikifa watakuuliza una nini cha kukurudisha, utawajibu kaburi. Wataandika kaburi halihitaji kugeuzwa." Mdomo wake uliopinda ukacheka upande mmoja, na upande ule wa pili, kama kawaida yake, ukabaki umenuna. "Nipe maji."

Kumwambia binti kulikuwa kazi nyingine. Aliahirisha siku mbili. Ya tatu akapiga, akasimama uani karibu na kamba ya nguo, akasema kila kitu kwa mkupuo kama anayesoma tangazo. Binti hakumkatiza.

"Kwa hiyo hiyo kadi ya bibi ulimpa nani?"

"Fundi mmoja wa kuchomelea."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu. Alipiga magoti."

Mama Fomu alisikia kengele ikilia huko upande wa pili, ya mzee fulani aliyehitaji kitu.

"Mimi huku nawageuza mama wa watu, Mama. Kumbe na wewe huko unawagawia watu mama wa kwetu." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. "Usijali. Yupo mwenzangu mmoja amebadilishana zamu, atakaa nami siku tatu za kwanza. Zilizobaki nitajua. Acha niende, naitwa."

Mama Fomu akajaribu kuomba tena. Hakuwa mtu wa kukunja mikono. Alifungua fomu mpya, akajaza mbio mpaka swali la kumi na saba, na hapo akakaa. Bila mama yake hakuwa na cha kuandika. Aliandika kuhusu chumba cha kazi, akafuta, maana mwenye nyumba alikuwa anaweza kumtoa kwa notisi ya mwezi. Aliandika kuhusu akiba, akafuta, akiba husafiri. Aliandika, "Nitarudi kwa sababu nimesema nitarudi," akaitazama sentensi hiyo muda mrefu, maana ndiyo iliyokuwa kweli tupu, na kama mteja angeileta angemcheka mbele ya foleni. Mwisho akaenda kutazama tarehe za miadi kwenye kompyuta. Ya karibu ilikuwa tarehe nne ya mwezi unaofuata. Akafunga fomu.

Tarehe ishirini na moja aliamka alfajiri, akamgeuza mama yake, akaenda kazini. Upasuaji ulikuwa uanze saa nne kwa saa za hapa. Nyumbani asingeweza kukaa, bibi angemsomea usoni kila dakika. Aliiweka simu juu ya mashine ya nakala, akawasha, ikakohoa.

Saa tano akaingia mwanamke wa makamo, mwuza mboga kwa jinsi mikono yake ilivyoonekana, na bahasha ya plastiki kwapani. Anakwenda kumwona mwanawe aliyejifungua mapacha. Pasipoti ilikuwa nzuri. Mwaliko mzuri. Mama Fomu alimpiga picha, hakumwambia asicheke, hakukuwa na haja. Wakafika swali la kumi na saba.

"Hapa nimeshaandika kwa penseli," mwanamke akasema. "Niambie kama inafaa."

Mama Fomu akasoma. Mwandiko ulikuwa wa kuchechemea. Ulisema: namwuguza mama yangu, ameanguka, hawezi kuinuka, nalala naye chumba kimoja.

"Nani amekupa hii?"

"Hakuna aliyenipa. Ndivyo ilivyo. Dada yangu anakaa naye sasa hivi, nina mpaka saa saba niwe nimerudi."

Mama Fomu alimtazama mikono. Kwenye kiganja cha kulia kulikuwa na ule ugumu, pale chini ya kidole gumba, unaotokana na kuvuta shuka na mtu juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa nao.

Akachukua kifutio.

"Usiandike hili."

"Kwa nini? Ni kweli."

"Najua ni kweli. Ukiliandika hutapewa."

"Sasa niandike nini?"

"Una shamba?"

"Sina."

"Nyumba?"

"Tumepanga." Mwanamke akaishika ile karatasi upande wake, hakuiachia. "Mimi sina kingine, dada. Nina mama tu. Wanasema waandikie kinachokurudisha. Kinachonirudisha ni huyo. Wewe unanifutia kwa nini?"

Mama Fomu angeweza kumwambia. Angeweza kusema, dada, kinachokurudisha nimekimaliza mimi, nimekigawa kwa vinyozi na mafundi mpaka hakikubaki hata chako. Badala yake alifuta, taratibu, na takataka za kifutio akazipuliza chini ya meza. Mwanamke aliona mistari sita ikirudi kuwa myeupe, akachukua bahasha yake, akakunja fomu mara mbili, kitu ambacho hakiruhusiwi, wanataka fomu isiyokunjwa, na akatoka bila kuaga.

Saa nane na nusu simu ikatetemeka juu ya mashine. Ulikuwa ujumbe wa yule mwenzake binti, aliyebadilishana zamu, ameandika kwa haraka bila nukta: ametoka salama uvimbe umetolewa majibu wiki ijayo amefungua macho mara moja ameuliza uko wapi nimemwambia uko kazini.

Mama Fomu akausoma mara mbili. Akaangalia saa ya ukutani, akagundua kwamba saa saba imepita na mama yake hajageuzwa, akanyakua funguo.